Kusitiri na Kughushi: Tafakuri juu ya Kiungo cha Mkia wa Njiwa

Miaka sita iliyopita, hapa Uingereza ninakoishi, niliuza kabati la droo la mahogani, kazi ya karne ya 18, ambalo ubavu mmoja wa droo yake ya chini ulikuwa na umri wa wiki tatu. Mnunuzi hakuuliza, nami sikusema. Fedha alizonilipa zilikuwa bei ya kabati lililosalimika na miaka yake yote, na zilivuka bahari siku ile ile kwenda Unguja kulipia upasuaji wa mama yangu. Mama alipona. Kabati likaenda zake. Swali lililobaki nimeligeuza kila upande, na kila ninapolishika linanirudisha pale pale, kwenye pembe ya droo ambapo mbao mbili zinakutana: je, kuficha ni kusema uongo?

Ili kulijibu inabidi kwanza tukijue kiungo chenyewe, kwa sababu historia yake ni historia ya swali hili hili: nini kionekane, na nini kifunikwe.

Droo ni chombo cha kuvutwa. Kila inapovutwa, ubao wa mbele unajaribu kuachana na mbavu zake, nao uzito wa vilivyomo unazitaka mbavu hizo zibaki nyuma. Msumari ukipigwa hapo utashika kwa muda, kisha utalegea, maana mbao hutanuka wakati wa unyevu na kusinyaa wakati wa ukavu, na chuma hakifuati mwendo huo. Fundi akaona njia nyingine. Ncha za ubavu alizikata ziwe pana mwishoni na nyembamba shinani, mfano wa ndege aliyekunjua mkia. Katika ubao wa mbele akachimba nafasi za umbo hilo hilo, akaacha meno kati yake. Mikia ikishaingia katika nafasi zake na kutiwa gundi, haitoki tena kwa upande wa kuvutwa, kwa kuwa ncha ni pana kuliko shingo na meno yameishika shingoni. Waingereza waliona humo mkia wa njiwa. Wafaransa, Wajerumani na Waitaliano waliona mkia wa mbayuwayu. Ndege wametofautiana, lakini wote walikubaliana kwamba kitu hiki kinafanana na kiumbe hai.

Kiungo hiki kina hesabu yake. Mafunzo ya useremala huelekeza kwamba mteremko wa mkia uwe kama moja kwa sita katika mbao laini na moja kwa nane katika mbao ngumu. Mteremko ukizidi, pembe za mkia humeguka. Ukipungua, mkia huteleza ukatoka. Mafundi wa Misri ya kale walikwisha kukijua, na mikono mingi imekirithi tangu hapo. Uzuri wake haukupakwa juu ya kazi, bali umetoka ndani ya kazi. Na hapa ndipo tatizo la maadili linapoanzia, kwa kuwa kitu cha lazima kikishakuwa kizuri, watu huanza kukitaka kwa ajili ya uzuri wake.

Katika droo za Kiingereza za mwishoni mwa karne ya 17, mikia ilipenya ubao wa mbele hadi usoni, ikaonekana. Kisha ikaja desturi ya kuufunika uso wa samani kwa ganda jembamba la mbao ya thamani, hasa ya mjozi. Ganda hilo halikushika vizuri juu ya ncha za mikia, na baada ya miaka alama za mikia zilijitokeza usoni kama mbavu za mtu aliyekonda. Mafundi wakabadili njia: wakauacha ubao wa mbele na unene kidogo usiotobolewa, mikia ikaishia nyuma yake. Tangu hapo uso wa droo ulinyamaza. Anayetaka kukiona kiungo sharti aivute droo na kuitazama ubavuni.

Akiivuta droo iliyotoka katika karakana nzuri ya London ya karne ya 18, ataona jambo la kushangaza. Meno yaliyo kati ya mikia ni membamba mno, mengine shingo zake hazizidi upana wa njia ya msumeno. Nguvu ya droo haikudai wembamba ule. Meno manene zaidi yangeibeba vilevile. Basi ule wembamba ulikuwa wa nini, na ulikuwa wa nani? Mwenye nyumba hakuwa mtu wa kupiga magoti kutazama mbavu za droo. Mtumishi aliyepanga nguo alikuwa na haraka. Aliyebaki ni fundi mwingine, atakayekuja siku moja kulifungua kabati alitengeneze. Ile ilikuwa salamu ya fundi kwa fundi, iliyoachwa mahali ambapo asiyehusika hasumbuliwi nayo na anayehusika ataikuta.

Wapo waliokwenda mbali zaidi. Katika masanduku madogo ya kutunzia majani ya chai, na katika kazi nyingine za kifahari, mafundi waliikata mikia na meno yote ndani kwa ndani, kisha wakazikutanisha mbao kwa pembe iliyolala. Kwa nje huonekana mstari mmoja tu, kana kwamba mbao mbili zimeegemezana kwa gundi peke yake. Ni miongoni mwa viungo vigumu kabisa kukata, na ni kiungo ambacho mtazamaji hawezi kujua kama kipo mpaka sanduku livunjike. Kama kuficha ni kusema uongo, basi mafundi bora wa karne ile walikuwa waongo wakubwa.

Karne ya 19 ilielekea kusema hivyo. Mwaka 1849 John Ruskin alichapisha kitabu chake The Seven Lamps of Architecture, na moja katika taa zake saba ni ukweli. Alishutumu majengo yanayojifanya yameshikiliwa na kisichoyashikilia, na vifaa vinavyopakwa rangi vionekane vingine. Wengi waliomfuata walichukua kwake fundisho kwamba kazi adilifu huonyesha jinsi ilivyoungwa. Mwaka 1893 Ernest Gimson na ndugu wawili, Ernest na Sidney Barnsley, waliihama London wakaenda vilima vya Cotswolds, na samani zilizotoka huko zilifanya kinyume cha zile za karne iliyotangulia. Mikia ilirudishwa usoni, ikaachwa wazi kwenye pembe za masanduku na makabati ya mwaloni na mjozi, ikawa ndiyo pambo lenyewe. Makumbusho ya mji wa Cheltenham yana mkusanyo mashuhuri wa kazi za harakati ile, na mtu hawezi kusimama mbele yake asiguswe. Huhitaji kufungua kitu. Pembe inakueleza yote.

Lakini Ruskin mwenyewe hakusema kwamba kila kiungo sharti kionyeshwe. Katika kitabu kile kile alikubali kwamba mjenzi halazimiki kuionyesha mifupa ya jengo lake, wala halaumiwi kwa kuifunika, kama ambavyo hatuulaumu mwili wa binadamu kwa kufunikwa na ngozi. Alichokikataa ni jengo kujidai lina mfupa ambao halina. Tofauti hii iliwapita wengi wa wafuasi wake, nayo ndiyo ninayoitafuta.

Mimi nililelewa katika desturi iliyoifahamu tofauti hiyo bila kuiandika. Nyumbani kwa bibi yangu, Unguja, palikuwa na kasha la msaji lililosheheni njumu za shaba, la jamii ya makasha ambayo majahazi yalikuwa yakiyaleta kutoka pwani ya magharibi ya Bara Hindi. Tulipohama nyumba liliteleza kwenye mkokoteni, pembe moja ikaachia na bamba la shaba likafunguka. Chini yake nikaona kwa mara ya kwanza mikia mipana ya mbao, imeshikana kama vidole vya watu wawili. Nikamwita bibi aje aone. Akaja, akatazama kidogo, akasema: “Funika, mwanangu. Hayo ni ya fundi.” Hakusema kwa aibu. Alisema kwa sauti ile ile aliyotumia kutuambia tusichungulie chumbani kwa watu. Kwake yeye kasha lilikuwa na upande wa wageni na upande wa aliyelitengeneza, na heshima ilikuwa kuuacha kila upande kwa mwenyewe. Hiyo ndiyo sitara, na sitara si uongo. Shaba ile haikudai kwamba ndiyo inayoshikilia pembe. Ilipamba, mikia ikabeba, na alipokuja seremala kulitengeneza alilikuta kasha kama alivyotarajia kulikuta.

Desturi hiyo hiyo ina neno kwa hatari iliyo upande wa pili: ria, kutenda jema ili uonekane unalitenda. Simtuhumu Gimson wala ndugu wale wawili kwa ria, maana mikia yao ilibeba mizigo yake. Hata hivyo, mkia ukishakuwa pambo la kuuzia, kishawishi ni kikubwa. Wako mafundi wanaokata mkia mdogo ndani ya mkia mkubwa, kazi ya kupendeza ambayo droo ya kawaida haiihitaji, na wako wanunuzi wanaolipia kiungo kabla ya kuuliza kama droo inafunguka vizuri. Wahenga walikwisha kusema kwamba nyumba njema si mlango. Pembe inayotangaza uaminifu wake bado inapaswa kupimwa kwa uzito, sawa na pembe iliyonyamaza.

Kwamba kuonekana hakutoshi kuwa ukweli, hilo linadhihirika vizuri zaidi Marekani. Mwaka 1867 Charles Knapp, wa jimbo la Wisconsin, alipata hataza ya mashine ya kuunganisha droo, na katika miongo iliyofuata viwanda viliitumia kwa wingi. Kiungo chake hakikufanana na mkia wa ndege yeyote. Kilikuwa safu ya nusu duara, na katikati ya kila moja kijiti cha mviringo. Kilishika barabara, na hakikujifanya kazi ya mkono; mtu yeyote aliyekiona alijua kwamba mashine imepita hapo. Hata hivyo, ilipofika mwaka 1900 au karibu na hapo, kilikuwa kimeachwa. Wanunuzi walikuwa wameanza kuzitamani samani za mababu, na watengenezaji wa mashine wakapata namna ya kukata mikia. Mikia hiyo ilikuwa na upana mmoja na meno yake, safu iliyonyooka kama meno ya kitana. Kiungo kilichosema wazi kilivyo kiliondoka, kikaja kilichovaa sura ya mkono ambao haukukigusa.

Je, kitana kile kilikuwa uongo? Naona tusikihukumu upesi. Mikia yake ilikuwa mikia kweli, ilibeba droo kweli, na ule usawa wake wenyewe humwambia mjuzi kwamba haukukatwa kwa mkono. Uongo ulianza pale muuzaji alipouacha, au alipousaidia, macho ya asiyejua yasome mkono mahali palipokuwa na mashine. Kiungo hakina ulimi. Uongo husemwa na mtu, na mara nyingine husemwa kwa kunyamaza.

Kuna ukimya mwingine, mkubwa kuliko huo, ambao mpenzi wa samani za kale hawezi kuukwepa. Mwaka 1721 Bunge la Uingereza liliondoa ushuru wa mbao zilizotoka katika makoloni yake ya Amerika, na tangu hapo mahogani ikamiminika kutoka Jamaika, na baadaye kutoka ghuba ya Honduras. Ni mbao tulivu, haipindi kwa urahisi, inakubali patasi kali. Miti hiyo iliangushwa na kuburutwa hadi mitoni na Waafrika waliokuwa watumwa. Unaweza kuivuta droo ya mahogani, ukaisoma mikia yake, ukajua msumeno wa fundi ulikuwa mwembamba kiasi gani na mkono wake ulitulia kiasi gani, na usijue lolote kuhusu mkono ulioshika shoka. Pembe hiyo ni ya kweli kwa fundi wake na imenyamaza kwa mwingine. Sisemi haya kumshutumu fundi peke yake. Sisi wa pwani ambao wazee wetu walijaza makasha kwa mali ya karafuu tunajua kwamba njumu zinazong'aa hazielezi nani alichuma. Nayasema kwa sababu yananionyesha mpaka wa sitara. Bibi yangu alikuwa na haki ya kumsitiri fundi wake. Lakini kuifunika dhuluma isijulikane na wanaostahili kuijua si sitara, hata ifunikwe kwa unyamavu gani wa heshima.

Basi naona kipimo kina sehemu mbili. Kwanza, je, kinachoonekana kinabeba kile kinachoonekana kubeba? Pili, je, mwenye haki ya kujua ameachiwa njia ya kujua? Kiungo cha siri cha sanduku la chai kinafaulu kote kuwili, kwani kina nguvu kuliko kinavyoonekana na hakimdhuru anayekifungua. Kasha la bibi linafaulu. Kitana cha mashine kinafaulu la kwanza, na la pili linamtegemea muuzaji. Wapo wengi waliolelewa, kama mimi, na kisa cha Mtume sokoni, alipotia mkono katika lundo la nafaka akakuta vidole vimelowa, akamuuliza mwenye mali kwa nini hakuiweka juu ile iliyolowa watu waione. Mvua haikuwa kosa la muuzaji. Kosa lilikuwa mpangilio.

Sasa narudi kwenye kabati langu.

Nililinunua kwa bei ndogo, nikalipenda, nikakaa nalo miaka tisa. Uso wake ulikuwa wa mahogani, mbavu za droo zikiwa za msonobari, kama ilivyokuwa kawaida ya kazi nyingi za wakati ule. Ubavu mmoja wa droo ya chini ulikuwa umebunguliwa hadi mikia yake ilikuwa ikivunjika vidoleni kama biskuti. Jioni moja dada yangu alinipigia simu kutoka Unguja. “Kaka,” akasema, “daktari anataka mama apasuliwe mwezi huu. Usiseme kwamba utatazama. Sema kiasi gani.” Nikasema kiasi, nikijua chombo cha pekee nyumbani mwangu chenye thamani hiyo.

Nililipeleka kwa mzee mmoja wa Kiingereza, fundi wa kukarabati samani. Alikata ubavu mpya kutoka kwenye msonobari mkavu wa zamani. Aliifuata mikia ya asili kwa mteremko wake na hata kwa makosa yake, maana fundi wa kwanza aliuvusha msumeno kidogo kupita mstari katika mkia wa pili. Kisha aliupaka ubao chai na vumbi mpaka rangi ikalingana na ndugu zake. Yalikuwa mazoea yake, alipomaliza kazi kama hiyo, kuandika kwa penseli chini ya ubao mpya tarehe na maneno machache ya kueleza alichokibadilisha. Alikuwa na penseli mkononi aliponitazama. Nilimwambia asiandike. Hakunilaumu. Aliirudisha penseli mfukoni, akanitajia ujira wake.

Nimejitetea kwa hoja nyingi. Nilisema kwamba kiungo kilikuwa cha kweli, kimekatwa kwa mkono kwa zana zile zile, na droo ilikuwa imara kuliko awali. Hoja hiyo ni sahihi, nayo ndiyo iliyonionyesha kwamba kosa halikuwa katika kiungo. Nilisema kwamba mnunuzi alikuwa mfanyabiashara mjuzi, aliyezivuta droo zote na kuzigeuza, na mjuzi hujilinda mwenyewe. Lakini ile chai na lile vumbi vilielekezwa hasa kwenye ujuzi wake. Asiyejua asingehitaji kudanganywa kwa ustadi kiasi kile. Nilisema kwamba mama alikuwa mgonjwa. Hilo nalishikilia mpaka leo, na ningeliuza kabati tena kesho kwa sababu hiyo hiyo. Ila dhiki inaeleza kwa nini niliuza. Haielezi kwa nini nilikataa penseli, isipokuwa kwa kiasi cha fedha kilichokuwa kati ya bei mbili, na kiasi hicho ningeweza kukikopa.

Na mnunuzi alipoteza nini, ikiwa droo yake ni nzima? Anayenunua samani ya kale hanunui mahali pa kuwekea nguo. Ananunua ushahidi: kwamba mkono fulani, wakati fulani, ulikata hivi. Ule msumeno uliovuka mstari katika mkia wa pili ulikuwa kosa la mtu aliyekufa zamani, na kosa lake lilikuwa lake. Sisi tulilinakili tukalifanya ushahidi wa uongo. Fundi wa sanduku la chai alificha kazi yake, na atakayeifungua atamkuta yeye. Atakayeufungua ubavu wangu atamkuta mtu asiyekuwapo.

Mwaka jana nilimwandikia mfanyabiashara yule, nikamweleza, nikajitolea kumrudishia tofauti ya bei. Alijibu kwa adabu. Kabati lilikwisha kuuzwa, akasema, na aliyelinunua naye ameliuza; hana anwani ya kunipa, na droo bila shaka inafunguka vizuri. Hakutaka fedha. Nilizitoa sadaka, lakini sadaka humfikia maskini, haimfikii anayelala leo karibu na kabati lile akiamini mbavu zake zote ni za rika moja.

Ubavu wa zamani ninao. Mzee alikuwa ameuweka kando pamoja na takataka, nikauomba. Upo juu ya rafu yangu ya vitabu, umejaa matundu ya bungua. Katika mikia miwili iliyosalimika bado unaonekana ule mstari mwembamba uliochanwa kwa ncha ya chuma, ambao fundi aliufuata kwa msumeno, na mahali pale alipouvuka. Juu yake nimeandika kwa penseli tarehe ulipotolewa, aina ya kabati, na kwamba ni ubavu wa kushoto wa droo ya chini.